Paka Aliyebaki Lesbos

Mama mmoja wa Mosul, Iraq, aliondoka kwao mwaka 2015 akiwa na watoto watano na paka. Mji ulikuwa mikononi mwa wapiganaji wa ISIS tangu Juni 2014, na kila aliyekimbia alilazimika kuamua abebe nini na aache nini. Nyumba iliachwa. Vyombo viliachwa. Kunkush, paka mweupe mwenye manyoya marefu, hakuachwa. Alivushwa mipaka ndani ya kizimba, kisha akavushwa bahari kutoka Uturuki hadi kisiwa cha Lesbos, Ugiriki, katika boti iliyosheheni watu.

Walipofika nchi kavu, katika purukushani za kushuka, kizimba kikavunjika. Kunkush akachomoka akapotea. Familia ilimtafuta kwa saa kadhaa, ikamwita, isimwone. Safari ya mkimbizi ina ratiba yake isiyomngoja mtu. Wakaondoka bila yeye.

Mwaka huo zaidi ya watu 850,000 waliingia Ugiriki kwa njia ya bahari, na karibu nusu milioni kati yao walipitia Lesbos pekee. Wengine walizama njiani. Katika msiba mzito kiasi hicho, nani ana nafasi ya kuhangaikia paka? Swali hilo halisikiki Ugiriki tu. Mitaani kwetu mtoto akilia kwa sababu paka wake hajarudi siku ya tatu, huambiwa: “Paka tu huyo, tutakutafutia mwingine.” Anayesema hivyo hana nia mbaya, lakini anakosea. Kumlilia paka si kuwasahau watu. Watoto wale walikuwa wamepoteza mtaa wao na kitanda walichokizoea, na kati ya vyote vilivyokuwa vya nyumbani, Kunkush ndiye aliyekuwa bado anapumua, ana joto, analijua jina lake.

Na wapo walioliona hilo. Siku chache baadaye, katika kijiji cha wavuvi cha Skala Sykamnias, alionekana paka mchafu, manyoya yamegandamana, akifukuzwa na paka wenyeji. Watu waliokuja kujitolea kuwahudumia wakimbizi wakatambua kwamba huyu si wa pale. Wakampeleka kwa daktari wa wanyama, wakampa jina la muda, Dias, ambalo kwa Kigiriki ni Zeus. Kisha wakaanza kazi ngumu zaidi. Kwa kawaida mwenye paka ndiye anayemtafuta paka wake. Safari hii paka alikuwapo, mwenyewe ndiye hajulikani alipo. Picha zake zilisambazwa kwenye intaneti. Januari 2016 alipelekwa Berlin, kwa kuwa wakimbizi wengi walikuwa wameelekea Ujerumani. Familia ikapatikana Norway. Mwezi Februari Kunkush alipandishwa ndege, na mama yule akamshika tena mikononi baada ya takriban miezi minne. Mwaka 2017 kisa hicho kilitolewa kuwa kitabu cha watoto.

Paka wengi hawapotelei mbali kiasi hicho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, ukiwashirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ulifuatilia habari za paka 1,210 waliopotea. Asilimia 61 walipatikana ndani ya mwaka mmoja. Thuluthi moja hivi walipatikana katika siku saba za mwanzo. Na katika kila wanne waliopatikana, watatu walikuwa ndani ya mita 500 tu kutoka pale walipotokea. Mita 500 ni mwendo wa kwenda dukani na kurudi. Yaani mara nyingi, wakati mwenye paka anabandika tangazo kituo cha daladala, paka mwenyewe yuko nyumba ya tatu, anasikia kila kitu, amenyamaza.

Kunyamaza huko ndiko kunakowapoteza watafutaji. Paka aliyetishika haitiki hata akiitwa na anayempenda, kwa sababu kwake sauti yoyote ni hatari, hata ya anayemfuga. Hujibanza palipo na giza na pembamba: uvunguni, darini, nyuma ya matangi ya maji, kwenye mtaro, ndani ya boneti ya gari lililotoka kuegeshwa na bado lina joto. Hawezi kuonekana na mtu anayepita akiwa amesimama wima. Utafiti ule ule ulionyesha kwamba kutoka na kutafuta kwa miguu, kwa macho yako, huongeza nafasi ya kumpata akiwa hai.

Kwa hiyo mtafutaji mzuri hungoja usiku, honi na redio zikishazimwa. Hushika tochi usawa wa jicho lake, hupiga magoti, tena magoti kabisa, shavu karibu na vumbi, na kumulika chini ya kontena la duka, chini ya mabati yaliyoegemezwa ukutani. Hatafuti umbo la paka. Anatafuta vitu viwili vidogo vya kijani vinavyong’aa, kwa sababu nyuma ya jicho la paka mna utando unaorudisha mwanga kama kioo. Akiviona, hakimbilii. Anakaa chini pale pale, anaweka sahani ya dagaa, anasema taratibu maneno aliyozoea kuyasema jikoni. Inaweza kuchukua saa nzima. Inaweza kuchukua usiku tatu.

Nchi nyingine zimeongeza kinga. England, tangu Juni 10, 2024, sheria inamtaka kila anayefuga paka aliyevuka wiki 20 amwekee chipu, kidude cha ukubwa wa punje ya mchele kinachotiwa chini ya ngozi, chenye namba ya kumtambulisha mwenyewe. Ni jambo jema. Lakini chipu haisemi paka yuko wapi. Husomwa tu pale mtu anapokuwa amekwisha kumwokota na kumpeleka kwa daktari. Bado anahitajika mtu wa kumwokota.

Hapo pwani yetu ina urithi wake. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa, na watoto wa madrasa hujifunza mapema kwamba sahaba Abu Huraira alipata jina hilo kwa sababu ya kipaka chake. Wanajifunza pia hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Hakumpiga wala kumtia sumu. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutia mwenyewe.

Hadithi hiyo huwa inasomwa kama habari ya ukatili wa kukusudia. Ila paka wengi hufungiwa pasipo mtu kujua. Utafiti ule uligundua kwamba paka wadadisi ndio hasa huishia ndani ya nyumba za watu wengine: wameingia kunusa, mwenye nyumba amefunga mlango, amekwenda kazini au amesafiri mazishini. Wiki inapita. Upande wa pili wa ukuta kuna mtoto anayeacha sahani ya maziwa barazani kila jioni.

Basi jirani akibisha hodi usiku huu, tochi mkononi na picha ya paka kwenye simu, usimwambie hujamwona. Chukua ufunguo, mfungulie stoo, mwache apige magoti aangalie mwenyewe.