Kwa Nini Unazificha?

"Bibi, kama zawadi ni zetu, kwa nini unazificha?"

Mjukuu wangu aliniuliza hivyo Desemba iliyopita, kwenye sherehe yake ya kutimiza miaka saba, bahasha ya kwanza iko mkononi na wenzake kumi na wawili wamemzunguka. Hakuwa anadeka, alitaka kujua. Nikamjibu, "Ili mfurahi zaidi mkizipata." Akaitikia kwa adabu, akaifungua bahasha. Mimi ndiye niliyebaki na swali, na hadi leo ninalo.

Nieleze kwanza tulivyofanya. Ninaishi Same mjini, nyumba ambayo ukikaa barazani unaiona milima. Sherehe tuliiweka Jumapili baada ya ibada, kwa kuwa nusu ya watoto wa mtaa wetu ni Wasabato na Jumamosi kwao si siku ya maputo. Usabato huku Upare ni wa siku nyingi: wamisionari wao wa kwanza, Wajerumani, walianzia Giti, kule Mamba milimani, mwaka 1903. Leo ukoo mmoja una Wasabato, Walutheri na Waislamu, na wote hula makande ya sufuria moja. Kuku wa sherehe nilimwomba jirani yangu Mwislamu anichinjie, ili pasiwe na mtoto wa kutazama wenzake wakila.

Kila mwaka mchezo wetu wa kutafuta hazina huwa na jambo moja linaloushika kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwaka juzi lilikuwa wanyama wa hifadhi ya Mkomazi: nilichora nyayo za faru kwa mkaa, watoto wakazifuata kutoka jikoni hadi banda la kuku. Safari hii nilichagua maji. Ndani ya kila bahasha niliweka kitendawili nilichokitunga mwenyewe. "Nina tumbo kubwa na mdomo juu, nalewa mvua wala sipepesuki." Wakakimbilia simtanki. "Tumbo langu la udongo, jasho langu baridi." Wakaenda kwenye mtungi. "Zamani nilikohoa upepo, sasa natema maji." Hapo walikwama kidogo, kisha binti mmoja akapiga kelele, "Bomba!" Hazina yenyewe ilikuwa kwenye tranka langu la bati nililosomea shule ya bweni, nimelifunika magunia nyuma ya mwarobaini: kashata, biskuti, penseli za rangi na mpira mmoja wa wote.

Usiku, wazazi walipokwisha kuwachukua watoto wao, nilikaa na lile swali. Nimefundisha shule ya Jumapili miaka mingi, nikisimulia mfano wa hazina iliyositirika shambani, ule wa Mathayo sura ya 13, bila kujiuliza nani aliizika. Na mtu yule akishaiona anafanya jambo ambalo sikuwahi kulitilia maanani: anaificha tena, halafu ndipo anakwenda kuuza vyote alivyo navyo alinunue shamba. Nabii Isaya anamwita Mungu, kwa uwazi kabisa, Mungu anayejificha. Luther, mwaka 1518 pale Heidelberg, alifundisha kwamba Mungu amejificha katika mateso ya msalaba, mahali ambapo mwenye akili zake hatamtafuta. Na jirani yangu aliyechinja kuku aliwahi kuniambia lile neno ambalo watu wa tarika hulipenda sana, kwamba Mungu alikuwa hazina iliyofichika akapenda ajulikane, ndipo akaumba viumbe. Aliongeza, kwa uaminifu wake, kwamba wanazuoni wa hadithi hawalihesabu kuwa sahihi kutoka kwa Mtume. Nililipenda hata hivyo. Limeanza na kupenda.

Kwa hiyo jibu langu la haraka kwa mjukuu lilikuwa na wenzake wakubwa. Tatizo ni kwamba swali lake nimewahi kuliuliza mimi mwenyewe, na si kwenye sherehe.

Mtu wa Same anajua maana ya maji kufichwa. Juu kule Mbaga nilikozaliwa, chemchemi zinatoka kwenye misitu inayopanda hadi Shengena, mlima wa zaidi ya meta 2,400, na wazee wetu waliyakusanya maji kwenye ndiva, bwawa la kienyeji: maji yanaingia usiku kucha, asubuhi ndiva inafunguliwa, mifereji inapeleka mashambani kwa zamu. Watu walitoka kwa msaragambo, kazi ya pamoja, kuzibua matope, na asiyetoka alijua atakachokosa. Nikaolewa huku chini. Chini, ukiinua macho unaliona wingu limekaa juu ya mlima, na wewe una dumu tupu. Kuna mwaka nilisimama kwenye foleni ya maji tangu saa kumi za usiku, nina mtoto mgongoni ana homa, nikapata dumu moja. Nikiwa njiani kurudi nilimwambia Mungu, kwa sauti, maneno yale yale ya mjukuu wangu: kama ni yetu, kwa nini unayaficha?

Ningejisikia vibaya sana mtu angenijibu siku ile, "Ili ufurahi zaidi ukiyapata." Ndiyo maana siwezi kulikubali fundisho linalosema kila shida ni mchezo ambao Mungu ametuandalia. Kule Mbaga yapo mapango ya Mghimbi, ambako watu walijificha miaka ya 1860 wakiwakimbia wakamataji wa watumwa. Mama aliyemziba mtoto wake mdomo mle gizani hakuwa anacheza. Alijificha ili asipatikane. Huwezi kuviita upendo wa aina moja, kujificha huko na kuficha kwangu nyuma ya mwarobaini, na mhubiri anayevichanganya anawaumiza watu walio kwenye foleni.

Nimelipima jambo hili kwa kitu ninachokifahamu vizuri, yaani kitendawili. Ukitega na wenzio wakishindwa, unadai mji. "Nipe mji." Wanakupa Tanga, au Mombasa, unautawala kwa maneno mawili matatu, kisha unalitoa jibu. Ni lazima ulitoe. Mtegaji anayeondoka na jibu lake hakutega kitendawili, amewadhulumu watu, na hata mtoto wa miaka mitano atamlalamikia. Anayeficha kwa upendo hufahamika kwa hamu yake ya kufichuliwa. Siku ile mimi nilikuwa nazunguka zunguka karibu na mwarobaini kama kuku mwenye vifaranga, nikikohoa kila walipokosea njia. Sikutaka washindwe. Kama Mungu amejificha, naamini anakohoa hivyo hivyo. Naamini pia kwamba siku ile ya foleni maji hayakufichwa naye. Aliyapa njia ya kushuka. Sisi ndio tuliochelewa kuwafikishia watu. Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua mradi unaoleta maji Same na Mwanga kutoka bwawa lenye jina la Nyumba ya Mungu, nililia mbele ya redio. Sikulia kwa furaha peke yake. Nilihesabu miaka.

Sasa niseme nilipokosea, kwa kuwa swali la mjukuu lilinionyesha na hili. Bahasha zangu nilizificha kwa kimo changu. Ya simtanki niliibandika juu ya mfuniko, nyingine juu ya fremu ya mlango, nyingine nimeichomeka kwenye dari la banda. Na zote zilikuwa maandishi. Alikuwepo mtoto wa mpangaji wa nyumba ya pili, ana miaka minne na nusu, hajui kusoma, hafikii hata koki ya simtanki. Alikimbia nyuma ya wenzake kutoka bahasha ya kwanza hadi ya mwisho, na kila alipofika, tayari kitu kimeshaonekana na watu wameshageuka. Kashata alipewa, ndiyo. Hakutafuta chochote, wala hakukuta. Alikaa chini ya mwarobaini akaishika kashata bila kuila.

Bibi yangu mzaa mama hakujua kusoma. Alimwita Mungu Kiumbi, Muumbaji, jina ambalo Wapare walikuwa nalo kabla ya Giti na kabla ya kitabu chochote cha Chasu, lugha yetu, kuchapishwa, na alisali kwa jina hilo hadi mwisho, hata baada ya kubatizwa. Nilipokuwa msichana wa shule nilimwonea huruma, nikidhani alikuwa amefika wenzake wameshageuka. Nikimtazama yule mtoto na kashata yake niliona haya kwa mawazo yale. Mwenye kuficha ndiye anayepaswa kuinama. Krismasi tulikuwa tumeiimba siku chache tu kabla, habari ya mtoto kwenye hori la ng'ombe, kimo ambacho hata mwana-kondoo anachungulia.

Nilikuwa bado natafuta la kumfanyia yule mdogo, watoto wakubwa walipochoka na tranka wakaanza kombolela. Wakaliweka kopo la maziwa katikati ya uwanja, mmoja akabaki kulilinda na kuwasaka, wengine wakatawanyika. Msakaji alikuwa hodari. Mmoja mmoja aliwaona, akawataja, akawasimamisha kando ya kopo. Mjukuu wangu mwenyewe alikamatwa nyuma ya pipa. Wakafika kumi na mmoja, wamesimama mateka, wanaangalia huku na huku.

"Bado nani?" msakaji akauliza, akasogea kuelekea uzio wa minyaa.

Kutoka chini ya kiti changu, mahali ambapo mtu mzima hawezi kupawazia, nikasikia kitu kinanigusa kisigino. Yule mdogo akachomoka mbio na kashata yake, akalipiga kopo kwa mguu, likarukaruka kwenye vumbi, na mateka wote kumi na mmoja wakakimbia huru wakiliita jina lake.