Hisani au Haki?

Hebu, ndugu msomaji, bonyeza Shift mara 5 mfululizo kwenye kompyuta ya Windows. Italia, kisha itakuuliza kama unataka vitufe vinavyonata. Wengi wetu tunaifukuza, eti kero. Lakini kwa mwenye mkono mmoja, kero hiyo ndiyo mkono wa pili: anabonyeza Ctrl, anaachia, anabonyeza C, kazi imekwisha. Msaada huu umo tangu Windows 95. Sauti ya kumsomea asiyeona ikaingia katika Windows 2000. Macintosh ikapata VoiceOver mwaka 2005.

Sasa, ni hisani au haki? Wapo wasemao ni hisani, maana wahitaji ni wachache. Mimi nakataa. Uchache si hoja: ukivunjika mkono kesho, nawe umo. Tena hisani huombwa, ilhali kitu hiki kimekwisha kulipiwa pamoja na mashine. Anayefunga mipangilio hiyo kwenye kompyuta za umma halindi mali yake, anazuia ya mwenzake.

Na sisi tunaojua tukanyamaza, je? Aliyeficha ufunguo na aliyeuona akapita zake, wote wawili wamemwacha mtu nje.