Macho ya Moyo

Kijana mmoja hapa Ilongero ameuliza kama Mkristo aweza kufanya trataka, zoezi la yoga la kufungua jicho la ndani. Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha Bara Hindi cha karne ya 15, chafundisha kukazia macho kitu kidogo hata machozi yatoke. Wengi hutumia mshumaa, kisha hufumba macho na kuutafuta mwali ndani. Utulivu huo siudharau. Sisi tukisali, mawazo huzurura mnadani. Lakini mwali ule hata mtoto wa darasa la tatu huuona, akiisha kukodolea chemli. Paulo, katika Waefeso 1:18, hakuagiza zoezi. Aliwaombea wenzake mwanga wa moyoni kwa Mungu. Basi jioni tutulie, tuombeane kwa majina, pamoja na yule tusiyesalimiana naye.