Mgeni Hakufika

Mwanzoni mwa miaka ya 1870, kusini-mashariki mwa Kansas, Marekani, njia ya Osage haikukauka wasafiri. Waosage, wenyeji wa asili wa huko, walikuwa wameondolewa katika ardhi yao, na walowezi walimiminika kuitwaa. Wengi walibeba mfukoni fedha zote za kuanzia maisha. Msafiri wa namna hiyo akipotea, alikotoka wanadhani ameshafika, na aendako hakuna anayemngoja.

Kando ya njia hiyo, katika kaunti ya Labette, familia ya Bender ilifungua nyumba ya wageni: mzee John, mkewe, na vijana wawili, John na Kate. Kilikuwa chumba kimoja, kimegawanywa kwa pazia la turubai. Mbele waliuza vyakula na kulisha wapita njia. Nyuma walilala wenyewe. Kate, mchangamfu wa maneno, alijitangaza kuwa mganga anayesema na wafu. Mgeni alipewa kiti, mgongo wake ukielekea pazia. Kwa ushahidi uliopatikana baadaye, nyundo ilimjia kutoka nyuma, kisha kisu shingoni, kisha shimo lililochimbwa chini ya sakafu. Usiku alizikwa bustanini.

Watu walipotea mmoja mmoja, majirani wakanong'ona tu. George Longcor alipotea pamoja na binti yake mchanga. Daktari William York akaenda kumtafuta. Machi 1873, akiwa njiani kurudi nyumbani, naye akapotea. Hapo ndipo watu wakainuka kwa wingi, maana ndugu yake Alexander alikuwa seneta wa jimbo. Hili ndilo linaloniuma kuliko nyundo yenyewe. Wale wa kwanza nao walizaliwa na mama.

Wanakijiji walikutana shuleni, wakakubaliana kila shamba lipekuliwe. Wanaume wa Bender walikuwa wamekaa humo humo, wakisikia kila neno. Upekuzi ukachelewa. Siku kadhaa baadaye jirani aliyepita pale alikuta nyumba imehamwa na mifugo haijalishwa. Mei bustani ikafukuliwa: miili isiyopungua 8. Daktari York alikuwemo. Longcor na mtoto wake walikuwa katika kaburi moja.

Gavana Thomas Osborn alitangaza zawadi ya dola 2,000. Hakuna aliyekuja kuichukua, na wale wanne hawakukamatwa kamwe.