Kura Hazihesabiwi Uwanjani

Mwanangu, kaa kwanza. Swali lako halijibiki kwa kusimama mlangoni.

Unataka kujua kwa nini wapinzani walishindwa mwaka 1995, na kwa nini walishindwa tena mwaka 2015. Na unataka jibu fupi. Vijana wenzako hapa Kilindoni, Mafia, wanalo tayari: waliibiwa. Wazee wenzangu wa barazani nao wanalo lao: hawakuungana. Mimi si mwanasiasa, wala sikusomea mambo hayo. Nimevua, nimekausha mbata, nimepiga kura tangu enzi za alama za jembe na nyumba, chama kikiwa kimoja. Lakini chaguzi hizo mbili nilizifuata kwa moyo wangu wote, na hadi leo bado nazifikiria. Weka simu chini, nisikilize kidogo.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina chama. Tarehe 29 Oktoba 1995 Benjamin Mkapa wa CCM alipata asilimia 61.8. Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi alipata 27.8. Ibrahim Lipumba wa CUF alipata 6.4, na John Cheyo wa UDP karibu 4. Sasa jumlisha hao watatu. Unapata 38 na kidogo. Hata wangekuwa mtu mmoja, wasingeshinda.

Ikapita miaka ishirini. Safari hii wakaungana kweli. CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD wakafanya Ukawa, wakamsimamisha Edward Lowassa. John Magufuli akapata asilimia 58.5, Lowassa akapata karibu 40. Umeiona hiyo? Miaka ishirini, muungano, helikopta, simu katika kila mfuko, na wamesogea asilimia mbili tu. Mimi nilipozilinganisha namba hizo mara ya kwanza nilinyamaza. Nilikuwa nimeamini maneno ya barazani kwamba dawa ni kuungana tu.

Sisemi kuungana si kitu. Kenya walihitaji hilo hasa. Mwaka 1992 Rais Moi alishinda kwa asilimia 36 tu, kwa sababu Matiba, Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga waligawana asilimia zaidi ya 60 iliyobaki. Mwaka 1997 wakarudia kosa lile lile. Mwaka 2002 wakasimama pamoja, Raila Odinga akasema Kibaki tosha, na KANU, chama cha Moi kilichotawala tangu uhuru, kikaanguka kwa asilimia 31 dhidi ya 62. Lakini wenzetu walikuwa na kura, wakakosa kuziweka kwenye kapu moja. Sisi kura zenyewe hatukuwa nazo. Hilo ni tatizo jingine, na dawa yake ni nyingine.

Na wizi je? Sitakudanganya ili nikutulize. Mwaka 1995 upigaji kura wa Dar es Salaam ulivurugika vibaya, ukafutwa, ukarudiwa Novemba, na wapinzani wakasusa. Redio iliyofika huku kisiwani ilikuwa ya serikali. Viwanja na ofisi zilizojengwa kwa michango ya wote wakati wa chama kimoja zilibaki na chama kimoja. Tume ya uchaguzi huteuliwa na Rais, na Katiba yetu inasema matokeo ya urais yakishatangazwa hakuna mahakama ya kuyahoji. Mambo haya ni mazito. Anayedai haki juu yake ana sababu, na usimruhusu mtu akwambie unyamaze. Zipo pia chaguzi ambazo mlango hufungwa kabla mpiga kura hajafika, na hizo zina mazungumzo yake. Leo nazungumza zile mbili tu, kwa sababu naamini hata uwanja ungesawazishwa kabisa, bado tungeshindwa.

Nakwambia kwa nini, na nakwambia niliyoyaona hapa hapa.

Mwaka ule wa 1995 nilikuwa upande wa mageuzi. Chama nilichokuwa nacho sitakitaja, hakina faida katika mazungumzo haya. Tulikuwa vijana na watu wazima wa soko, wa pwani, wa mashua za kwenda Dar. Tulikuwa na kipaza sauti kimoja na bendera. Tukiitisha mkutano jioni, uwanja unajaa. Tunarudi nyumbani tumekauka koo, tunaambiana, Mafia imekwisha, hii ni yetu. Tulikuwa tukihesabu vichwa.

Hatukuuliza ni vichwa vya nani. Nusu ya waliokuwa wakipiga miluzi walikuwa watoto wa shule. Wengine ni vijana wa mashua, waliojiandikisha kwao Rufiji au hawakujiandikisha popote. Wanawake walikuwa wachache sana. Jioni mwanamke ana moto wa kuwasha, na maji ya bamvua yakitoka yuko mwambani na mti wake wa pweza. Hakuna aliyefikiria kubadilisha saa. Hakuna aliyefikiria kwenda kukaa naye ukumbini akimenya muhogo, amsikilize yeye kwanza.

Upande wa pili alikuwepo balozi wetu wa nyumba kumi. Bibi mmoja mpole, ameshafariki, Mungu amrehemu. Mfumo ule wa mabalozi uliwekwa na TANU tangu miaka ya 1960, na vyama vingi vilipokuja ulikuwa umeshaota mizizi. Yule bibi hakuwa na kipaza sauti. Alikuwa na daftari la shule, lile la kurasa chache, na kalamu ya risasi aliyoichonga kwa kisu. Ndani yake kulikuwa na nyumba zake zote. Nani amejiandikisha. Nani kadi yake imelowa. Nani mgonjwa, atahitaji wa kumshika mkono hadi kituoni. Nani yuko dago, kwenye kambi ya wavuvi, kisiwa gani, na anarudi lini. Siku chache kabla ya kura alituma salamu kwa nahodha mmoja: waambie wanangu walioko dago waje, Jumapili tuna kazi. Wakaja. Wa kwetu walibaki huko huko wakianika ng'onda, kwa sababu sisi tulidhani wanajua tarehe.

Na si daftari tu, mwanangu. Ukifiwa, yule bibi ndiye wa kwanza kufika. Anauliza sanda imepatikana, anauliza maji ya kuoshea maiti, anatafuta sufuria kubwa kwa jirani. Binti akijifungua usiku, anaitwa yeye. Watu hawakupigia kura ilani. Wengi hawakuiona ilani ya chama chochote. Walimpigia kura mtu aliyekuwa nao msibani, naye aliwaambia chagueni hiki. Sisi tulikuja kwenye maisha yao miezi miwili kabla ya kura, na tukashangaa hawatuamini.

Hapo ndipo ninapoona mzizi wa jambo. Kumbuka pia tulikotoka. Tume ya Jaji Nyalali ilipozunguka nchi mwaka 1991 kuuliza watu, karibu wanane katika kila kumi walisema chama kimoja kiendelee. Serikali ikawasikiliza wale wawili, na tarehe 1 Julai 1992 vyama vingi vikaruhusiwa. Kwa hiyo upinzani ulizaliwa katika nchi ambayo wengi wake hawakuuomba. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumtoa mtu hofu. Na hofu ilikuwepo kweli. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walimiminika Ngara, robo milioni ndani ya siku moja, na sisi huku kisiwani tuliwasikia redioni usiku. Mama zetu walisema, vyama vingi ndivyo hivyo vinavyoleta. Mwalimu Nyerere naye, ambaye watu walimwamini kama mzazi, alizunguka kumnadi Mkapa. Hofu kama hiyo huitoi kwa kupiga kelele uwanjani. Inatoka polepole, kwa mtu kukuona mwaka baada ya mwaka, anakujua jina, anajua huna panga nyuma ya mlango.

Badala ya kufanya kazi hiyo, upinzani ulitafuta mtu mkubwa.

Mrema alikuwa waziri wa mambo ya ndani, na watu walimpenda. Aliwapa wakubwa siku saba kurekebisha mambo, na mtu mnyonge alifurahi kuona mkubwa akiamrishwa. Aliondoka CCM mapema mwaka 1995 na miezi michache baadaye akawa mgombea wa NCCR-Mageuzi. Lowassa aliwahi kuwa Waziri Mkuu. Aliingia CHADEMA mwisho wa Julai 2015, na kura ilikuwa tarehe 25 Oktoba. Hesabu mwenyewe miezi hiyo. CHADEMA ilikuwa imelitaja jina lake kwa miaka katika hotuba zake dhidi ya ufisadi, kisha ikawaomba wale wale waliosikiliza hotuba hizo wampigie kura. Dokta Slaa, katibu mkuu wake, akaondoka. Profesa Lipumba akaacha uenyekiti wa CUF. Siwasemi vibaya marehemu. Mrema na Lowassa wote wametangulia, na kila mmoja alikuwa na watu waliompenda kwa dhati. Nasema kwamba chama kinachomwazima mtu mkubwa dakika za mwisho kinapata umati wake, hakipati mabalozi wake. Mabalozi hubaki walikokuwa.

Lakini usidhani kushindwa kule ndiko kulikoniuma zaidi. Kilichoniuma kilikuja baada yake.

NCCR-Mageuzi ilitoka uchaguzi wa 1995 na majimbo 16. Kwa chama cha miaka mitatu, hayo si machache. Mwaka 1996 Mrema akashinda uchaguzi mdogo wa Temeke. Ilikuwa kama chama kimepata pumzi. Hapo ndipo ungetegemea watu waseme: tuna miaka minne, twende vijijini. Wakagombana. Mrema, aliyekuwa mwenyekiti, na Mabere Marando, katibu mkuu wake, wakavutana hadi chama kikagawanyika pande mbili. Mwaka 1999 Mrema akahamia TLP. Uchaguzi wa 2000 ulipofika, NCCR-Mageuzi ikapata jimbo moja. Kumi na sita, kisha moja. Ile mara ya kwanza walishindwa na chama kilichojijenga miaka thelathini, kwanza kama TANU, kisha kama CCM. Mara ya pili nani aliwashinda? Na Lowassa naye, Machi 2019, alirudi CCM.

Sisi huku kisiwani tulifanya yale yale kwa kipimo chetu kidogo. Matokeo yalipotangazwa tulikunja bendera. Wengine walilaumiana nani amekula nauli, wengine wakaacha kusalimiana msikitini. Mimi nilirudi baharini na sikutaka kusikia neno siasa kwa miaka. Nilisema watu wa Mafia hawaelewi. Yalikuwa maneno mabaya hayo, na ninaposikia unayasema wewe sasa, naumia. Waliotunyima kura walielewa vizuri sana. Waliona watu wanaokuja na kuondoka.

Na si wapinzani peke yao wanaoadhibiwa hivyo. India mwaka 2004, chama cha BJP kilikuwa madarakani, kikaitisha uchaguzi kabla ya wakati kwa sababu kilikuwa na hakika ya kushinda. Kaulimbiu yao ilisema India inang'aa. Magazeti na wachunguzi wa maoni nao waliona hivyo. Kura zikahesabiwa, Congress wakashinda. Watu wa mijini walikuwa wameuona mng'aro huo. Mkulima mwenye deni na kisima kikavu aliutafuta shambani kwake hakuuona. Wakubwa wale walikuwa na kila kitu, serikali, fedha, matangazo, na bado hawakujua kinachosemwa jikoni kwa watu.

Kwa hiyo ukiniuliza, mwanangu, kwa nini walishindwa, nasema walifanya kazi ya miaka mitano kwa miezi mitatu. Najua jibu hili linakuchosha. Wewe unataka jambo litokee mwaka huu. Unaona wenzako wanatuma picha za umati, unahesabu waliopenda, unaniambia, babu, safari hii imekwisha. Mimi nilishasema hivyo, kwa sauti kubwa kuliko yako.

Chama gani utakifuata, sikuchagulii. Ukitaka kijani, fuata kijani. Ukitaka kingine, fuata hicho. Lakini ukikifuata, ujue kwamba uchaguzi wa vitongoji na vijiji huja mwaka mmoja kabla ya ule mkubwa, na wakubwa wako wengi hawatakuja Mafia kwa ajili ya huo. Nenda wewe. Nenda Jibondo bila bendera. Lala Bweni usiku mmoja, usikilize wanalalamikia nini huko kaskazini, maana hawalalamikii yanayotuuma sisi wa Kilindoni. Panga mikutano kwa maji, si kwa saa ya ukutani, ili wanawake wawepo. Akifa mtu wa chama kingine, chimba kaburi kama wengine. Wakikushinda, wape mkono, na wiki inayofuata uonekane pale pale ulipokuwa.

Wala huna haja ya kungoja mtu akupe cheo. Nyuma ya soko, kwenye ile nyumba yenye bati jipya, wapo mabinti wawili waliotimiza miaka kumi na minane. Mama yao aliniuliza juzi wajiandikishe wapi, nami sikuwa na jibu la uhakika. Pita ofisi ya kata kesho asubuhi uulize, kisha uende ukawaambie.