Huruma na Msamaha katika Filamu ya Nixon
Filamu ya Nixon ya mwaka 1995, iliyoongozwa na Oliver Stone, inamhusu Richard Nixon, rais wa Marekani aliyejiuzulu Agosti 1974 kwa kashfa ya Watergate. Anthony Hopkins anamwigiza kama mtoto wa familia maskini ya Kikweka, aliyefiwa na ndugu wawili na kukua akihisi hapendwi. Onyesho zito kuliko yote ni lile anapopiga magoti pamoja na waziri wake wa mambo ya nje, Henry Kissinger, akasali, kisha akalia.

Hapo ndipo swali linapozuka: je, kumwelewa mkosaji ni kumsamehe? Si lazima. Huruma anaweza kuitoa yeyote aliyeyaona machozi. Msamaha ni haki ya aliyedhulumiwa, na wanakijiji wa Kambodia walioshushiwa mabomu ya siri kwa amri ya Nixon tangu 1969 hawamo katika chumba kile cha sala. Hata Gerald Ford, rais aliyemrithi Nixon na kumsamehe Septemba 1974, alimkinga na mashtaka tu. Toba nayo, katika Ukristo kama katika Uislamu, hudai mtu akiri kosa na kurudisha haki za watu. Machozi ya Nixon huyu yanalilia zaidi madaraka yaliyomponyoka. Stone anastahili sifa kwa kutolificha hilo.