Kushukuru Si Kunyamaza

Jirani yangu mmoja huku Nakivale alitibiwa kansa ya titi la kushoto zaidi ya miaka kumi iliyopita. Alipigwa mionzi Kampala, akapona, akarudi shambani. Juzijuzi akaanza kukosa pumzi kwa kubeba jerikani moja tu. Miguu ikavimba. Kila alipoeleza alijibiwa: "Mama, wewe ulishapona, shukuru Mungu." Akashukuru, akanyamaza. Mpaka siku alipofika Mbarara, daktari akamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: "Uliwahi kupigwa mionzi kifuani?"

Jioni ile aliniambia: "Ile mashini iliniponesha, njo hii inaniua?" Sikuwa na jibu. Tangu hapo najiuliza: anayekuokoa, je, bado ana deni kwako?

Kwanza tuseme ukweli wenyewe. Moyo uko nyuma ya mfupa wa kifua, umeelekea kushoto. Mionzi inayochoma kansa ya titi au ya tezi za kifuani inaweza kuugusa. Mishipa inayolisha moyo inakuwa myembamba polepole, milango yake inakakamaa. Haionekani leo wala kesho. Utafiti wa wanawake wa Sweden na Denmark, uliotolewa 2013, ulionyesha kwamba hatari inapanda kadiri moyo ulivyopata mionzi mingi, inaanza ndani ya miaka 5 na kuendelea hata baada ya 20. Wengi hawapati shida hiyo. Na anayekataa mionzi kwa hofu, kansa inaweza kumwahi kabla ya moyo.

Basi kwa nini mgonjwa haambiwi? Nimesikia sababu mbili. Moja: ataogopa, atakimbia tiba. Na kweli, tiba yenyewe ni ya shida. Mwaka 2016 mashine ya mionzi ya Mulago, ambayo nchi nzima iliitegemea, iliharibika. Mpya ikazinduliwa Januari 2018. Aliyepata nafasi amebahatika, nani atamtia wasiwasi? Mbili: huku kambini hakuna kipimo cha moyo cha kisasa, sasa kumwambia kutamsaidia nini?

Sababu hizo zina huruma, lakini mimi sizikubali. Sisi tulivuka mpaka usiku bila kujua tutalala wapi. Mtu aliyebeba hayo anaweza kubeba habari ya moyo wake mwenyewe. Na habari hiyo ina kazi: atapima presha na sukari mara kwa mara, ataacha sigara, atapunguza chumvi, na akikosa pumzi hatasema ni uzee tu. Akijua, atamwambia muuguzi. Asipojua, muuguzi naye hatajua.

Lakini kosa si la wanaotibu peke yao. Sisi wakimbizi tumezoea kupokea, na anayepokea huogopa kuuliza, asije akaonekana hana shukrani. Tunapewa sabuni, tunasema asante. Tunapewa uhai, tunasema asante na kufunga mdomo. Kushukuru ni jambo jema. Lakini shukrani inayokuzuia kusema "hapa panauma" imegeuka kuwa woga.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: ndiyo, deni lipo, ila si la pesa wala la lawama. Aliyekuokoa anadaiwa kukuambia alichokifanya mwilini mwako, na kukuandikia: upande gani, mwaka gani, mionzi kiasi gani. Wewe unadaiwa kuitunza karatasi hiyo na kuionyesha bila kuona haya. Ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, mkiandika "amepona", msifunge faili.

Jirani yangu sasa anakunywa dawa. Karatasi yake ya Mbarara ameiweka kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na ile ya familia. Anasema zote mbili zinaeleza yeye ni nani.